Kuisubiri mechi ya ugenini Ulaya: mwongozo kamili wa shabiki, kutoka droo hadi filimbi ya mwisho

Shabiki anayengoja mechi ya ugenini ya Ligi ya Mabingwa Ulaya hubeba hofu mbili. Moja ni ya mpira wenyewe: nani atapangwa, watatubana upande gani, bao la mapema likiingia itakuwaje. Hiyo haina dawa, na mimi nisingependa ipatiwe dawa, maana ndiyo utamu wa ushabiki. Ya pili ni ya mambo yanayopangika: viza, tiketi, mahali pa kulala, treni ya mwisho. Mwongozo huu ni wa kuimaliza hiyo ya pili mapema, ili siku za mwisho ubaki na mpira tu kichwani.

Nitatumia mfano mmoja: Arsenal kwenda kwa Real Madrid, robo fainali ya Aprili 2025. Mkondo wa kwanza ulichezwa London tarehe 8. Washika Bunduki, yaani Arsenal, walishinda 3-0, Declan Rice akifunga mipira miwili ya adhabu moja kwa moja na Mikel Merino akiongeza la tatu. Marudiano yakawa kwenye uwanja wa Real, Santiago Bernabéu, tarehe 16. Kama wewe ni wa Liverpool, Inter au Celtic, hatua ni hizi hizi. Badilisha tu majina ya mitaa na vituo.

Hatua ya 1: Ijue kalenda kabla hujagusa pesa

Tangu msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa ina timu 36 kwenye jedwali moja. Kila timu hucheza mechi 8, nne kati ya hizo ugenini. Droo hufanyika mwishoni mwa Agosti, na tarehe kamili hutoka siku chache baadaye. Nane bora huingia moja kwa moja hatua ya 16, na wa 9 hadi wa 24 hupitia mchujo wa Februari.

Raha ya mfumo huu kwa msafiri ni kwamba droo ya Februari huonyesha njia nzima hadi fainali. Tarehe 21 Februari 2025 ilijulikana kwamba mshindi wa Arsenal na PSV angekutana na mshindi wa Real na Atlético, zote za Madrid, kwa hiyo safari ijayo ingekuwa Madrid kwa vyovyote. Kilichobaki kujulikana ni uwanja gani, na hilo liliamuliwa usiku wa 12 Machi kwa mikwaju ya penalti, ule usiku ambao mkwaju wa Julián Álvarez ulifutwa kwa sababu aligusa mpira mara mbili. Mtu aliyeisoma droo vizuri alikuwa na karibu miezi miwili ya kujiandaa. Aliyesubiri penalti ziishe alibakiwa na wiki tano.

Jambo jingine la kalenda: tangu 2021 bao la ugenini halina uzito wa ziada. Jumla ikilingana, kuna dakika 30 za nyongeza na pengine penalti. Kwa hiyo ukipanga usafiri wa kurudi usiku, hesabu mechi ya saa 3 usiku inayoweza kuisha karibu na saa 6.

Hatua ya 2: Hati za safari

Hapa ndipo mashabiki wengi wa kwetu wanaoishi Uingereza hukwamia. Kibali chako cha kuishi London hakikufungulii mlango wa Hispania. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na unatakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Lakini siku za kupata miadi ndizo zinazokula muda, hasa karibu na Pasaka.

Ushauri wangu ni huu: usiombe viza ya mechi ya mtoano, omba ya msimu. Septemba, timu ikishapangiwa safari zake nne, chagua moja unayoimudu, peleka maombi kwa nchi hiyo, na uombe viza ya kuingia mara nyingi. Ukiipata ya muda mrefu, robo fainali itakukuta tayari. Aliye Dar es Salaam au Nairobi afanye vivyo hivyo. Hispania ina ubalozi katika miji yote miwili.

Mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza, lakini pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kurudi. Tangu 12 Oktoba 2025 Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha mpakani, kwa hiyo weka saa za ziada kwenye foleni. Na wewe unayeishi Uingereza kwa viza ya kidijitali, hakikisha pasipoti unayosafiri nayo ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako ya uhamiaji. Hilo hujitokeza wakati wa kurudi, ukiwa umechoka na Jumatano ya raha imekwisha.

Hatua ya 3: Tiketi

Kanuni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, humpa mgeni angalau asilimia 5 ya viti. Bernabéu hiyo ni kama tiketi 4,000, juu kabisa ya uwanja. Bei ina ukomo: msimu wa mechi hii ilikuwa euro 60 kwa Ligi ya Mabingwa, na msimu wa 2025/26 ikashushwa hadi euro 50, huku Ligi ya Europa ikiwa 35 na Ligi ya Konferensi 20. Ukiona mtu anakuuzia kiti cha mgeni kwa mamia ya euro, huyo ni mlanguzi.

Klabu kubwa za Uingereza hugawa tiketi hizi kwa pointi: aliyekwenda safari nyingi ndiye anayetangulia. Robo fainali ya Bernabéu haiwezi kuwa safari yako ya kwanza kwa njia hiyo. Pointi zinaanzia kwenye mechi za Novemba katika miji ya mbali na yenye baridi, zile ambazo wengi huziacha. Ukiwa huna pointi, ingia kwenye tawi la mashabiki lililosajiliwa, kisha uwe mvumilivu.

Njia mbili nikukataze kabisa. Ya kwanza ni tiketi za mitandaoni zinazokuja kama picha ya simu. Siku hizi tiketi nyingi za UEFA ziko ndani ya programu, na picha haifungui mlango. Ya pili ni kununua kiti upande wa wenyeji ukiwa na jezi begani. Ukikaa kwa wenyeji utalazimika kumeza kila bao, na bao la ugenini lisiloruhusiwa kushangiliwa ni mateso. Bora uitazame baa na wenzako.

Na kabla ya kulipa kitu kisichorudishwa, hakikisha mamlaka za mji hazijazuia wageni. Machi 2023 mashabiki wa Eintracht Frankfurt walizuiwa kununua tiketi za mechi ya Napoli. Weka hoteli inayofutika bila gharama mpaka tiketi ithibitike.

Hatua ya 4: Kufika na kulala

Ndege kutoka London hadi Madrid huchukua kama saa mbili na nusu. Kutoka uwanja wa ndege wa Barajas, metro Laini ya 8 inakufikisha Nuevos Ministerios, na kutoka hapo Laini ya 10 ina kituo kimoja tu kufika Santiago Bernabéu. Kuna nyongeza ya euro 3 kwa kituo cha uwanja wa ndege. Lala karibu na Laini ya 10, mathalani Tribunal au Plaza de España, ili usiku usihitaji kubadilisha treni.

Anayekula halali aende Lavapiés, mtaa wenye migahawa mingi ya Wabangladeshi na Wasenegali. Msikiti wa Abu Bakr uko Tetuán, ng'ambo ya barabara kuu ya Paseo de la Castellana ukitokea uwanjani. Katikati ya Aprili jua la Madrid linazama kama dakika kumi na kitu kabla ya saa 3 usiku, yaani Magharibi inaingia wachezaji wakijiandaa kutoka vyumbani. Panga mapema utaiswali wapi. Chukua na koti: Madrid iko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana halikai hadi usiku.

Hatua ya 5: Siku za katikati

Sasa hati ziko mezani na tiketi ipo. Hapa ndipo kungoja kwenyewe kunapoanza, na hapa ndipo mashabiki wengi wanapojiharibia. Wanakesha wakisoma kila uvumi, wanagombana na watu wasiowajua, wanafika siku ya mechi sauti imeshaisha. Siku hizi zina kazi yake.

Anza kwa kuirudia mechi ya kwanza yote, sauti ya mtangazaji ukiizima. Usiangalie mabao peke yake. Angalia mpinzani alipata nafasi wapi wakati timu yako ikiongoza, kwa sababu hapo ndipo atakaporudi. Kisha itazame mechi yake ya ligi iliyofuata.

Halafu hesabu kadi na majeruhi. Hili lina kanuni zake na watu huchanganya. Eduardo Camavinga wa Real alitolewa kwa kadi ya pili ya njano mwishoni mwa mechi ya London, kwa hiyo Bernabéu hakuwepo. Tarehe 13 Aprili Kylian Mbappé, naye wa Real, alipewa kadi nyekundu kwenye mechi ya ligi dhidi ya Alavés, na mitandao ikajaa furaha ya mashabiki wa Arsenal walioamini amekosa marudiano. Hakukosa, kwa sababu kadi ya ligi ya nyumbani haihami kwenda Ulaya. Ndani ya Ligi ya Mabingwa, njano tatu ni mechi moja nje, na njano hufutwa robo fainali zikiisha. Thomas Partey wa Arsenal alipata yake ya tatu Bernabéu, kabla ya kufutwa, akaukosa mkondo wa kwanza wa nusu fainali. Upande huo huo wa Arsenal, Gabriel Magalhães alikuwa ameumia tangu mechi ya Fulham, kwa hiyo Jakub Kiwior alibeba mzigo. Ukilijua hilo mapema, unajua macho yako yakae wapi mpira ukianza.

Jifunze pia historia, ila yote, usichague ile inayokutisha tu. Real wana neno lao, remontada, yaani kupindua matokeo, na hawalisemi bure. Mwaka 1975 walifungwa 4-1 na Derby County wakashinda 5-1 nyumbani. Mwaka 1985 Borussia Mönchengladbach waliwafunga 5-1, wakapinduliwa 4-0. Mwaka 2016 Wolfsburg walikwenda na 2-0, Cristiano Ronaldo akafunga matatu. Mei 2022 Rodrygo aliwafunga Manchester City mara mbili mechi ikikaribia kuisha. Juanito, mshambuliaji wao wa zamani, ndiye aliyewaambia wachezaji wa Inter kwamba dakika 90 za Bernabéu ni ndefu mno. Hadi leo, dakika ya 7 ya kila mechi, jukwaa linaimba jina lake. Shabiki wa Simba aliyezoea kusema kwa Mkapa hatoki mtu anaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Lakini tarehe 21 Februari 2006 Thierry Henry aliwapita watu katikati ya uwanja ule ule na kufunga bao pekee, na Arsenal ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kuifunga Real pale Bernabéu katika mechi ya mashindano. Hiyo nayo ni historia. Isome usiku ambao hofu inakunyima usingizi.

Zijue nyimbo. Jukwaa la wageni huwa dogo na liko juu sana, na paa la Bernabéu likifungwa kelele za watu zaidi ya 75,000 hubaki ndani. Watu 4,000 wakiimba wimbo mmoja kwa wakati mmoja husikika. Wakiimba nyimbo nne tofauti hupotea. Zipitie ukiwa njiani kwenda kazini.

Mkeka, uache. Najua wengi hawatanisikiliza, lakini kuweka pesa kwenye mechi ya timu yako huleta hofu ya tatu juu ya zile mbili, nayo haina heshima yoyote. Vilevile funga vikundi vya simu siku moja kabla. Kikosi kitatangazwa zaidi ya saa moja kabla ya mechi, na hakuna mjuzi wa kikundi atakayekijua kabla ya hapo.

Kwa anayebaki nyumbani

Wengi wetu mechi ya ugenini tunaingoja Tandika, Kisumu, Mombasa au Goma, na kungoja huko ni kwa dhati sawa na kwa mwenye tiketi. Shida kubwa ni saa. Mechi ya saa 3 usiku ya Madrid ni saa 5 usiku Afrika Mashariki majira ya baridi, kisha inarudi saa 4 usiku baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi, Ulaya wanaposogeza saa zao. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inageuka tena. Aliye Goma apunguze saa moja. Kila mwaka wapo wanaofika kibandani mpira una dakika 60.

Chagua kibanda umiza chenye jenereta, na ulipie kiti mchana. Kama ni nyumbani, lipia kifurushi cha king'amuzi siku moja kabla, kwa sababu jioni ya mechi malipo hukwama. Kwa mechi ya saa 4, elewana na bodaboda unayemfahamu akufuate saa 6 usiku, na umwambie kabisa kwamba huenda ikafika saa 7. Akina dada, ondokeni kwa kikundi.

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Kula vizuri saa 8 mchana, wakati Madrid nzima inakula. Mashabiki wa Uingereza hukusanyika Plaza Mayor; nenda ukaimbe, lakini uijue njia yako ya kuelekea uwanjani bila kutegemea umati. Pombe haiuzwi ndani ya viwanja vya Hispania wakati wa mechi, ni sheria.

Basi la Real hupokelewa Plaza de los Sagrados Corazones, jirani na uwanja, kwa mienge na moshi. Ni jambo la kupendeza kutazama, ila si mahali pa kupita na jezi ya Arsenal. Ukitaka kuukwepa umati, shuka Cuzco kwenye Laini ya 10, au Concha Espina kwenye Laini ya 9, kisha ufuate namba ya mlango iliyo kwenye tiketi. Beba pasipoti, simu iliyojaa chaji, begi dogo kabisa au usibebe kabisa. Fika mapema. Fainali ya Paris ya 28 Mei 2022, watu wenye tiketi halali walibanwa getini na kupigwa mabomu ya machozi, na uchunguzi huru uliotolewa Februari 2023 uliiona UEFA yenyewe kuwa mhusika mkuu. Kosa halikuwa la mashabiki. Hata hivyo, aliye getini mapema na rafiki anayejua alipo yuko salama zaidi.

Na tuseme wazi kwa Mwafrika anayekwenda: matusi ya rangi yapo. Juni 2024 mahakama ya Valencia iliwahukumu watu watatu kifungo cha miezi 8 kwa kumtusi Vinícius Júnior, mshambuliaji wa Real, uwanjani Mestalla mwaka mmoja nyuma. Likikupata, kumbuka kiti, mlango na dakika, mwite mlinzi wa jukwaa na maofisa wa klabu yako waliosafiri, na kama kuna hatari piga 112. Usijibu peke yako.

Baada ya hapo ni mpira. Usiku ule Bukayo Saka alikosa penalti mapema, Thibaut Courtois akaudaka. Real wakapewa penalti yao, VAR, yaani waamuzi wa video, ikaifuta. Saka akafunga dakika ya 65, Vinícius akasawazisha dakika mbili baadaye, na Gabriel Martinelli akamaliza kazi dakika ya 93. Jumla 5-1.

Hatua ya 7: Baada ya filimbi

Wageni hushikiliwa jukwaani hadi wenyeji waondoke, nusu saa au zaidi. Usilalamike, ni wakati mzuri kuliko wote ukishinda, na ukifungwa ni bora ukae na wenzako kuliko kutoka peke yako. Weka maji na kitu cha kutafuna. Metro hufungwa saa 7 na nusu usiku. Kukiwa na penalti na kushikiliwa juu yake, muda huo utakuwa mfinyu, kwa hiyo uwe na pesa ya teksi: ni nyeupe zenye mstari mwekundu wa mshazari. Jezi ifunike kwa koti mpaka ufike kituoni.

Huku ukisubiri kufunguliwa, toa simu uangalie safari inayofuata. Paris Saint-Germain walikuwa wameshafuzu siku moja kabla kwa kuwatoa Aston Villa, kwa hiyo kabla hujashuka ngazi za Bernabéu ulikuwa tayari unajua: London 29 Aprili, Paris 7 Mei. Weka chumba kinachofutika Paris usiku huo huo, kabla watu 4,000 waliokuzunguka hawajafika hotelini.